Kuni za tanuri la samaki: shoka zito, kabari, au nini?

NyarDunga (Kisumu)

Habari zenu nyote. Nakausha samaki kwa moshi hapa Dunga, mbuta na kamongo zaidi, na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, nikiupata ukiwa mbichi. Tanuri langu ni la matofali ya udongo, lina midomo miwili ya moto na trei za waya zinazopangwa moja juu ya nyingine, lile umbo la Chorkor lililotoka Ghana. Kuni alikuwa akinipasulia kaka yangu. Sasa amepata kazi Eldoret, na kazi ya shoka imebaki kwangu.

Magogo yako tayari uani. Mengi ni mkaratusi uliokatwa kwa pawa, ule msumeno wa injini, urefu wa kama futi moja na nusu, na mengine ni manene kiasi kwamba nikiyakumbatia vidole havikutani. Mwembe upo kidogo, na matawi ya mpera. Ninachotaka mwishoni ni kuni nyembamba, unene wa kifundo cha mkono wangu au chini ya hapo. Ukuni mnene unanisumbua sana kwenye tanuri hili. Unafuka muda mrefu bila kushika, kisha unashika wote kwa pamoja, joto linapanda, ngozi ya mbuta inapasuka na mafuta yanadondokea makaa. Mafuta yakiungua yanatoa moshi mchungu, na wateja wangu wa Kondele wanaujua uchungu huo wakionja kidogo tu.

Kwenye hadiwea mjini wananishawishi nichukue shoka zito la kupasulia, la ratili nane. Kwenye video nimeona watu wakilisifu Fiskars X27, lenye mpini wa inchi 36, lakini mimi si mrefu na hela yangu si ya kuagiza ng'ambo. Jirani yangu, mama wa makamo, anatumia panga na rungu basi. Nina elfu tano ya kuanzia. Mngenunua nini, na mngetanguliza kipi? Nauliza hasa wale wanaopasua kwa mikono yao wenyewe.

Kuni_Ahero

Dada, chukua hilo la ratili nane. Mimi nachanja kuni za mikahawa hapa Ahero na sina kingine. Shoka jepesi linazama kwenye mkaratusi na kunasa, unabaki kuvutana nalo. Hilo zito lina mashavu mapana, likiingia linausukuma mti huku na huku mpaka ukubali. Wewe unaliinua tu, kushuka linashuka kwa uzito wake. Tena kisogo chake ni nyundo, siku ukipata kabari unaigongea papo hapo. Hela yako inanunua vitu viwili kwa kimoja.

Ila usikubali lile lenye mpini wa bomba la chuma lililochomelewa. Kila pigo linarudi kwenye viwiko.

MzeeMipini (Luanda, Vihiga)

Binti yangu, hongera kwa kazi. Mimi nachonga mipini hapa Luanda, ya majembe na ya mashoka, na kuni za nyumbani kwangu napasua mwenyewe mpaka leo. Kijana wa Ahero amesema kweli kuhusu mashavu mapana. Lakini chombo chake kinafaa kuni zake, na kuni zako si hizo.

Anzia kwenye mdomo wa tanuri, kisha urudi nyuma hadi kwenye gogo. Gogo utalifungua nusu kwa nusu, nusu utaitoa robo, na robo nazo utazipunguza tena na tena hadi zifike unene wa kifundo cha mkono. Mapigo ya kufungua gogo ni machache. Mapigo ya kupunguza ndiyo yatakayokula siku yako. Mwenye mkahawa anaishia kwenye robo, anaitia jikoni na sufuria inachemka. Wewe kwenye robo ndipo kazi inapoanzia. Ukinunua chuma cha ratili nane kwa sababu ya yale mapigo machache, utakiinua chuma hicho hicho kwa yale mengi, na ikifika saa kumi mikono itakuwa imelegea. Mkono uliolegea ndio unaolipiga gogo pembeni na shoka likaja kwenye muundi.

Na uzito si kila kitu. Ukiongeza uzito wa shoka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Mtu mwenye kifua kama cha kijana wetu anaweza kulipa shoka zito mwendo. Mtu mfupi au mwembamba atalipandisha polepole na litashuka polepole, na faida yote ya uzito imepotea. Kwako ningesema ratili tatu na nusu, nne ikizidi.

Magogo manene yafungue kwa kabari za chuma na nyundo kubwa. Nunua kabari mbili, si moja, kwa sababu siku ile moja itakapomezwa na gogo hutakuwa na cha kuitoa. Kama hela haitoshi, ya pili ichonge kwa mti mgumu uliokauka, mpera ni mzuri, nawe uipige kwa rungu. Tafuta ufa uliojifungua wenyewe kwenye uso wa gogo uliokatwa, simamisha kabari humo, igonge taratibu mpaka isimame bila kushikwa, kisha ondoa mkono na upige. Gogo nene sana usilianzie katikati. Anza ukingoni, umenye vipande kulizunguka, na kiini kitabaki chembamba mwishoni. Kichwa cha kabari kikianza kuchanua kwa kupigwa, mpelekee mwenye grainda azikate zile kingo zilizokunjika, maana ndizo zinazoruka na kuingia machoni. Miwani ya kukinga macho ni bei ndogo, inunue siku moja na kabari.

Ila kabari usiigongee kwa kisogo cha shoka la kawaida. Lile la ratili nane limetengenezwa kuhimili, hili jepesi halikutengenezwa hivyo. Tundu linapanuka kidogo kidogo, mpini unalegea, na siku moja kichwa kinaruka.

Sasa nifike kwenye mpini, maana watu hukitazama chuma wakalipia mti bila kuutazama. Usinunue mpini uliopakwa rangi nzito. Rangi inaficha kifundo na inaficha ufa. Taka mpini mtupu, uuinue usawa wa jicho, ufuate nyuzi kwa kidole kutoka kichwani hadi mwisho. Nyuzi zikitoka ubavuni katikati ya safari, mpini huo utavunjikia hapo hapo. Ndiyo maana mimi mipini ya mashoka naipasua kutoka kwenye gogo badala ya kuikata kwa msumeno: mti ukipasuliwa unafuata nyuzi zake wenyewe, msumeno unakatiza popote unapoelekezwa. Halafu mpini uwe umekauka kabla ya kupachikwa. Ukipachika mbichi utasinyaa ndani ya tundu. Nimewaona wengi wakilitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mpini uvimbe ukaze. Unakaza kweli, lakini nyuzi zinabanwa na chuma, na ukikauka tena unalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari ndogo ya mti mgumu iliyogongwa juu, ndani ya tundu, na mpini kupakwa mafuta ya kitani mara kwa mara.

Urefu nampimia mtu hivi: shika kichwa cha shoka kiganjani, nyosha mkono kando, mwisho wa mpini ufike kwapani. Mpini mfupi sana ni hatari kuliko mrefu, kwa sababu shoka likikosa gogo, mfupi unakuja miguuni ilhali mrefu unaishia chini au kwenye kigogo cha kupasulia.

Na huyo mama jirani yako anajua anachofanya. Kwa robo zilizokwisha kuwa nyembamba, panga zito kuukuu na rungu ni chombo kamili. Unaweka makali juu ya ukuni, unapiga mgongo wa panga, hakuna kurusha chuma hewani. Liwe panga nene la kazi, lile jembamba la kufyekea nyasi litapinda.

NyarDunga (Kisumu)

Asante sana mzee wangu, na wewe ndugu wa Ahero. Hilo la kurudi nyuma kutoka mdomo wa tanuri sikuwahi kuliwaza, nilikuwa naliangalia gogo tu.

Nina wasiwasi mmoja. Watoto wa dada yangu wako uani kutwa, na huyu mkubwa anapenda kunisaidia. Panga linahitaji mkono mmoja ushike ukuni na mwingine ushike panga, halafu nani apige rungu? Nimemwona mama akiushikilia ukuni kwa mguu. Mimi naogopa. Pia mwembe wangu haupasuki, shoka la kuazima linazama na kukwama, nyuzi zinashikana kabisa. Kosa ni shoka au ni mwembe?

Mama_wa_Njoro (Nakuru)

Dada, mimi nakausha nyama ya nguruwe kwa moshi kwenye pipa, mdomo wake ni mdogo kuliko wa tanuri lako, kwa hiyo kuni zangu ni nyembamba zaidi. Nikushauri kitu kilichonitoa kwenye hofu hiyo hiyo.

Kuna msichana wa New Zealand, Ayla Hutchinson, aliyebuni kifaa cha kupasulia kuni ndogo akiwa bado shuleni, baada ya mama yake kujikata kidole akichanja vijiti vya kuwashia moto. Kifaa kinaitwa Kindling Cracker. Makali hayasogei, yamesimama yakitazama juu, yamezungukwa na pete mbili za chuma, moja chini na nyingine juu. Ukuni unausimamisha ndani ya pete ukiwa umekaa juu ya makali, kisha unaugonga kichwani kwa nyundo. Ukuni ndio unaoshuka kwenye makali. Mkono unashika ukuni chini kidogo ya ncha kwa pigo la kwanza tu, ukishauma unaachia, na hakuna chuma chenye makali kinachopita hewani.

Sikununua cha ng'ambo. Nilimwonyesha fundi wa jua kali picha, akatumia kipande cha springi ya gari kwa makali na nondo zilizokunjwa kwa pete. Nilimwambia pete ya chini iwe na miguu mitatu yenye matundu, nikaifunga kwa skrubu nene juu ya kigogo. Kigogo kisichotikisika ndicho siri ya hicho kitu, kikiyumba utagonga pembeni. Kazi zikiisha nakifunika kwa kopo la rangi tupu na kuweka jiwe juu, watoto wasiguse makali.

Nyie wa Kisumu mna bahati ya maembe na mapera. Huku mabaki ya mbao za saipresi na msonobari kutoka Molo na Elburgon ni rahisi mno na yanapasuka vizuri ajabu, na watu hushawishika kuyatumia. Yana utomvu. Moshi wake ni mweusi, unaacha masizi na uchungu kwenye nyama. Mimi siyaingizi kwenye pipa hata kwa kuwashia.

Kuni_Ahero

Hicho kifaa kizuri, sijawahi kukiona. Ila bado natetea shoka langu kwa gogo lenye vifundo. Kabari na nyundo kwenye kifundo ni kupoteza asubuhi.

MzeeMipini (Luanda, Vihiga)

Kijana, gogo lenye vifundo usilipasue kwa chochote. Litenge. Mwenye pawa akija siku nyingine alikate vipande vifupi, au liende chini ya sufuria ya githeri linakotakiwa kuwaka polepole. Kuni za tanuri la samaki ni zile zilizonyooka, kwa sababu zikinyooka zinalingana, na zikilingana moto unakuwa mmoja pande zote mbili za tanuri.

Mama wa Njoro, ahsante, hicho ndicho chombo cha huyu binti. Naongeza mawili kwa fundi wa soko la Kibuye au wa popote atakayemtengenezea. Springi ya gari ni chuma kigumu kizuri, lakini moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wake mahali unapofika. Amwambie fundi achomelee upande wa chini peke yake, mbali na makali, na makali ayanoe taratibu akiyapoza kwa maji. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kwenye grainda, ugumu umeondoka. Kwa shoka lenyewe pia tumia tupa, achana na grainda. La pili, ukuni ukikaribia kupasuka nyundo iko karibu na makali. Chuma kwa chuma kinamegeka. Pigo la mwisho mpe rungu la mti, au weka ukuni wa pili juu ya ule wa kwanza uusukume umalizie kushuka.

Mwembe, binti yangu, si shoka lako. Nyuzi zake zinapishana, zinaenda kulia na kushoto ndani ya gogo moja, kwa hiyo ufa haupati njia. Kata mwembe mfupi, shubiri moja hivi, ufungue kwa kabari, kisha umalizie kwa hicho kifaa. Usiuache kwa sababu ya ugumu wake. Mimi samaki wa moshi wa mwembe namjua kwa harufu.

Mkaratusi una tabia yake ya kinyume. Ukiwa mbichi unafunguka kwa pigo moja, ukikauka ukiwa gogo zima unakuwa mgumu ajabu. Kwa hiyo hayo magogo usiyasubirishe. Yapasue sasa, hata kama hutayatumia hadi mwakani, kwa sababu kipande kilichopasuliwa kinakauka haraka kuliko gogo lililofungwa na gome. Gome lenyewe liondoe, linashika maji na linatoa moshi mbaya.

NyarDunga (Kisumu)

Nimekuwa nikitumia mkaratusi mwanzoni, samaki akiwa bado na maji, halafu naingiza mpera na mwembe baadaye kwa rangi na harufu. Naona niendelee hivyo. Kuni zikishapasuliwa nizipange wapi? Mvua za vuli zinakuja na uani hakuna banda, kuna ukuta wa jirani tu.

Mama_wa_Njoro (Nakuru)

Usizibananishe na ukuta. Acha nafasi ya mkono kupita, zilaze juu ya mbao au mawe zisiguse udongo, na bati liwe juu tu. Watu hufunika kwa turubai mpaka chini, wanafikiri wanazikinga, kumbe wanafungia unyevu ndani na kuni zinaota ukungu. Ukuni wenye ukungu usiuingize chini ya chakula. Pande ziwe wazi, upepo wa ziwa utakufanyia kazi.

Kujua kama zimekauka, gonga mbili pamoja. Zilizokauka zinalia kwa sauti ya juu, mbichi zinatoa mlio mzito uliokufa. Na ukiona povu linatoka kwenye ncha ya ukuni tanurini, huo unachemsha maji badala ya kupasha joto samaki.

NyarDunga (Kisumu)

Basi nimeamua. Kabari moja ya chuma na nyundo nanunua Jumapili Kibuye, kabari ya pili nitaichonga mpera. Kifaa cha Mama wa Njoro nitamwomba fundi huko huko, na nitasimama naye akichomelea. Tairi kuukuu ninalo, nilisikia watu wanalivisha gogo likae ndani ili vipande visitawanyike. Shoka la ratili tatu na nusu litasubiri mwezi ujao, kwa sasa nitatumia la kuazima. La ratili nane naliacha hadiwea.

Mzee, tairi ni sawa? Na mpini nikuagizie kwa bodaboda, au nije mwenyewe?

MzeeMipini (Luanda, Vihiga)

Tairi ni sawa kabisa. Lifunge kwa misumari juu ya kigogo cha kupasulia, gogo liingie ndani, shoka likikosa linapiga mpira badala ya jiwe, na wewe huinami kuokota vipande kila mara. Kigogo kiwe chini ya goti lako, si juu yake, na kabla ya pigo la kwanza hao watoto wawe upande wa pili wa nyumba.

La kuazima likague leo hii kabla hujaliinua. Lielekeze kichwa chini, gonga mwisho wa mpini kwa rungu, utazame kama kichwa kinasogea. Kikisogea hata unene wa ukucha, mrudishie mwenyewe.

Mpini usiuagize kwa bodaboda. Nunua kichwa kwanza, uje nacho sokoni Luanda. Matundu ya mashoka hayafanani, hata ya kiwanda kimoja, na mpini nauchonga nikiwa na chuma mkononi. Njoo asubuhi, nikupime na kwapa hapo hapo.